Wapangaji wa Nyumba ya Vyumba 14

Ukiwauliza wasomaji wa The Grapes of Wrath, riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1939, kwamba kitabu kinahusu nini, wengi watakwambia: familia ya Joad inanyang'anywa shamba lake Oklahoma na benki, inapakia vyombo kwenye lori, inaelekea California. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hadithi inapoanza, shamba lilikuwa limeshaacha kuwa lao. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na ardhi; mavuno yakawa mabaya, mkopo ukachukuliwa, ardhi ikaenda kwa mkopeshaji, nao wakabaki palepale wakilima kwa mgao. Yaani watu wa aina yao walipoteza mara mbili: mara ya kwanza kama wenye mali, mara ya pili kama wapangaji. Na hiyo mara ya pili ndiyo iliyowatoa vyombo nje.

Jambo hili lilinikaa kichwani hata baada ya kukifunga kitabu. Nikaanza kusoma historia ya minada ya nyumba Marekani nikiwa na swali moja: nyumba iliyowekwa rehani inapopigwa mnada, ni nani hasa anayepoteza makao? Jibu la haraka ni mwenye nyumba. Lakini nyumba nyingi zina watu wengine ndani. Nilichokiona ni kwamba kwa miongo mingi msaada ulipokuja uligonga mlango wa mwenye nyumba peke yake. Mpangaji aliyelala chumba cha pili alihesabiwa kama kodi, si kama mtu.

Hebu tuanze na mkopo wenyewe, maana mkopo wa nyumba wa miaka ya 1920 haukuwa kama huu tunaoujua leo. Mara nyingi ulikuwa wa muda mfupi, miaka mitatu au mitano hivi. Katika muda huo mkopaji alilipa riba tu, na siku ya mwisho deni lote lilimsubiri kama lilivyokuwa. Hakuna aliyetarajia kulilipa kwa mkupuo. Desturi ilikuwa kurudi kwa mkopeshaji na kuandikiana upya, miaka mingine mitatu, mingine mitano, na maisha yakaendelea. Mambo yalikuwa shwari maadamu benki ilikuwa na fedha na nyumba ilikuwa na thamani.

Baada ya 1929 vyote viwili vikaondoka. Benki zikaanguka kwa maelfu, na zilizosalia hazikutaka kuandikiana upya na mtu yeyote. Bei za nyumba zikashuka. Ajira ikayeyuka, kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mwaka huo nyumba zipatazo 1,000 zilikuwa zikichukuliwa na wakopeshaji kila siku. Mtu aliyelipa riba yake bila kukosa kwa miaka kumi angeweza kujikuta barabarani, si kwa sababu aliacha kulipa, bali kwa sababu karatasi ilifika mwisho na hakuna aliyekubali kuandika nyingine.

Msaada wa kwanza haukutoka serikalini. Ulitoka kwa jirani.

Huko Harlem, New York, hata kabla ya mdororo huo, watu weusi walikuwa wakitozwa kodi kubwa kwa vyumba vidogo, na mwisho wa mwezi ulikuwa mtihani. Wakabuni dawa yao: karamu ya kodi. Unachapisha vikadi, unavigawa mtaani, Jumamosi usiku unafungua mlango. Mgeni analipa senti kadhaa kuingia, kuna mpiga kinanda, kuna chakula cha kununua, na asubuhi kodi imepatikana. Sisi tungeiita harambee, tofauti tu ni kwamba hii ilichezwa mpaka alfajiri. Mshairi Langston Hughes alizipenda mno karamu hizi. Alizisimulia katika kitabu cha maisha yake, The Big Sea, cha mwaka 1940, na alikuwa na tabia ya kuvihifadhi vile vikadi vya mwaliko. Kama si yeye na wenzake wachache, vingetupwa vyote, na leo tungekuwa na mikataba ya wenye nyumba bila sauti hata moja ya waliolipa.

Chicago haikuwa na muziki. Mabaraza ya wasio na kazi yalijipanga mtaa kwa mtaa; ikisikika kwamba familia fulani imetolewa vyombo nje, umati unakwenda, unabeba kitanda, meza na masufuria, unavirudisha ndani. Tarehe 3 Agosti 1931, upande wa kusini wa mji, polisi waliufyatulia risasi umati uliokuwa umerudisha vyombo vya mama mmoja mzee. Wanaume watatu weusi waliuawa. Makumi ya maelfu walijitokeza kwenye mazishi, na jiji likalazimika kusimamisha kwa muda kazi ya kuwatoa watu majumbani. Mtu na afikirie bei hiyo: roho tatu, kwa ajili ya kitanda kurudi mahali pake.

Mashambani walikuwa na mnada wa senti. Siku ya mnada majirani walifika wengi, wakasimama bega kwa bega. Dalali akitaja ng'ombe, mmoja anasema senti kumi, kisha kimya. Mgeni aliyethubutu kupandisha bei alishikwa bega na mtu mwenye mkono mzito, na baadhi ya mashamba yalining'iniza kitanzi mahali pa kuonekana ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Vitu viliuzwa kwa dola chache, vikarudishwa kwa mwenyewe jioni ileile. Dawa ya deni ni kulipa, wanasema wahenga; wakulima hawa hawakulikana neno hilo, ila walisema deni haliwezi kulipwa na mtu aliyenyang'anywa jembe. Mara nyingine hasira ilivuka mpaka. Mwezi wa Aprili 1933, mjini Le Mars, Iowa, wakulima walimkokota Jaji Charles C. Bradley kutoka mahakamani kwake, wakamtia kamba shingoni, kwa kuwa alikataa kuapa kwamba hatatia tena sahihi amri za kuuza mashamba. Walimwachia akiwa hai, lakini kila mbunge wa majimbo yale aliisikia habari hiyo.

Wakati huohuo sheria zilikuwa zimeanza kutembea haraka. Jimbo la Minnesota, jirani wa Iowa, lilipitisha sheria yake tarehe 18 Aprili 1933: mwenye nyumba aliyeuziwa nyumba yake angeweza kuomba mahakama imwongezee muda wa kuikomboa, mradi alipe kiasi cha haki kila mwezi. Majimbo mengine zaidi ya 20 yalitunga sheria za namna hiyo. Wakopeshaji wakapinga kwamba katiba ya Marekani inakataza jimbo kuvunja mikataba, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Inajulikana kwa jina la Blaisdell.

Hukumu hii nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nikaishia kwenye sentensi ileile inayoieleza nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja juu, mahali penye majengo yaliyobanana mjini Minneapolis. Ilikuwa na vyumba 14. Mume na mke wenye nyumba waliishi katika sehemu yake, na sehemu iliyobaki waliitoa kwa kupangisha.

Msomaji wa Magomeni au wa Majengo haitaji kuelezwa zaidi. Hii ni nyumba ya Kiswahili iliyohamia kwenye baridi! Mwenye nyumba ana vyumba vyake viwili vitatu, wapangaji wana vyao, korido moja, choo kimoja, na kila tarehe mosi hodi mlangoni. Riziki ya mwenye nyumba inatoka kwa mpangaji, na paa la mpangaji linategemea mwenye nyumba. Ukiukata uzi upande mmoja, wote wanaanguka.

Nyumba ya Minneapolis ilikuwa imeuzwa mnadani tarehe 2 Mei 1932, kwa dola 3,700.98, ambazo ndizo zilizokuwa deni lote. Mnunuzi alikuwa mkopeshaji mwenyewe. Thamani yake, kwa makadirio ya mahakama, ilikuwa dola 6,000. Mahakama ya chini ikawaongezea wenye nyumba muda wa kuikomboa hadi tarehe 1 Mei 1935, kwa sharti kwamba walipe dola 40 kwa mwezi. Kwa nini 40? Kwa sababu hiyo ndiyo ilionekana kuwa kodi ya haki ya jengo lile. Tarehe 8 Januari 1934, Mahakama ya Juu ikakubali kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes alieleza kwamba deni halikufutwa wala riba haikuondolewa. Kilichosogezwa ni saa tu, na wakati saa inasubiri mkopeshaji analipwa. Jaji Sutherland, aliyepinga, alisema kifungu kile cha katiba kiliandikwa makusudi kwa ajili ya nyakati ngumu, kwani nyakati nzuri hakuna anayehitaji kuvunja mkataba.

Wanasheria wanaikumbuka kesi hii kwa mjadala huo. Mimi nakumbuka zile dola 40. Kipimo cha msaada kilikuwa kodi. Mkopeshaji ana wakili, mwenye nyumba ana wakili, katiba ina majaji tisa wa kuipigania. Mpangaji, ambaye kodi yake ndiyo kipimo cha hesabu yote, hatajwi jina wala haulizwi neno. Kama kura moja ingegeuka, naye angefunga mizigo.

Msaada mkubwa zaidi ulikuja kutoka Washington. Tarehe 13 Juni 1933 liliundwa shirika la mikopo ya wenye nyumba, Home Owners' Loan Corporation, au HOLC. Kazi yake ilikuwa kununua mikopo mibovu kutoka benki na kumwandikia mwenye nyumba mkopo mpya: miaka 15, riba ya asilimia 5, na kila mwezi sehemu ya deni lenyewe inapungua. Ndani ya miaka mitatu liliandika mikopo ipatayo milioni moja. Mkopo wa nyumba wa leo, unaopungua mwezi kwa mwezi mpaka ukaisha, ulienea kwa sababu ya kazi hii. Si haba. Lakini si kila mtu aliyeokolewa: takriban familia 200,000, moja kati ya tano, zilishindwa hata na mkopo huo mpya, na shirika lenyewe la kuokoa likawachukulia nyumba.

Angalia tena jina lake: wenye nyumba. Sheria iliruhusu jengo la familia hadi nne, mradi mwenyewe analifanya makao yake. Kwa hiyo wapangaji walikuwemo ndani ya hesabu, ila waliokolewa kwa bahati, kama mtu anayejificha mvua chini ya mwavuli wa mwenzake. Mwenye mwavuli akigeuka, umelowa.

Kisha zikaja ramani. Kati ya 1935 na 1940 HOLC ilichora miji zaidi ya 200 na kuipaka rangi kwa kipimo cha hatari: kijani, buluu, njano na nyekundu. Mitaa ya watu weusi ilipakwa nyekundu karibu yote. Shirika jingine la serikali, FHA, lililoundwa 1934 ili kudhamini mikopo, likakataa kwa jumla kudhamini mikopo ya mitaa ya aina hiyo. Mtu mweusi wa Chicago mwenye kazi na akiba hakupata mkopo wa benki. Alichopata ni mkataba: unanunua nyumba kwa bei ambayo mara nyingi ilikuwa maradufu ya thamani yake, unalipa kila mwezi, matengenezo ni juu yako, lakini hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja, unatolewa, na yote uliyolipa yamekwenda. Alilipa kama mwenye nyumba, akafukuzwa kama mpangaji. Kukopa harusi, kulipa matanga, twasema; hawa hata harusi hawakuiona.

Mwaka 1968, katika mtaa wa Lawndale, wanunuzi hao waliunda umoja wao, Contract Buyers League. Waligoma kulipa mpaka mikataba iandikwe upya. Wenzao walipotolewa, walirudisha vyombo ndani, kama ilivyofanyika mjini humohumo mwaka 1931. Mamia ya mikataba ilibadilishwa. Wasomaji wengi wa kizazi chetu walikutana na habari hii mwaka 2014 katika insha ya Ta-Nehisi Coates, The Case for Reparations. Ninaitaja kwa sababu ni ushahidi kwamba insha, kazi hii yetu isiyo na mshahara, inaweza kutoa karatasi kwenye kabati la mahakama na kuiweka mezani kwa watu.

Sasa turuke hadi 2008. Mikopo imetolewa ovyo, bei zimeporomoka, mamilioni ya nyumba ziko njiani kuelekea mnadani. Safari hii aliyegundulika ni mpangaji, na aliyemgundua hakuwa mshairi wala mwanaharakati, bali mtu wa kuwatoa watu vyombo nje kwa kazi yake. Thomas Dart alikuwa sherifu wa Cook County, kaunti yenye jiji la Chicago. Askari wake ndio waliotekeleza amri za mahakama. Walikuwa wakifika mlangoni na amri mkononi wanamkuta mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi. Amelipa kodi mwezi huu, mwezi uliopita, na ule uliotangulia, ana risiti. Kumbe mwenye nyumba alipokea kodi na hakupeleka kitu benki, na hakumwambia mpangaji neno. Fahali wawili wamepigana, nyasi hazina habari mpaka zinakanyagwa. Mwezi wa Oktoba 2008 Dart alitangaza kwamba ofisi yake inasimamisha kazi hiyo kwenye nyumba zilizochukuliwa na benki, mpaka wakopeshaji wathibitishe ni nani anaishi ndani. Mabenki yalimshutumu kwamba anavunja sheria. Hapo kwanza hakurudi nyuma, na baada ya siku chache kazi ikaanza tena, kwa utaratibu mpya wa kuwalinda wapangaji.

Tarehe 20 Mei 2009 ikatiwa sahihi sheria ya taifa ya kuwalinda wapangaji nyumba inapochukuliwa. Mnunuzi mpya lazima ampe mpangaji wa kweli notisi ya siku 90. Kama ana mkataba, ana haki ya kukaa mpaka uishe, isipokuwa mnunuzi anataka kuishi humo mwenyewe. Hata hapo siku 90 ziko palepale. Siku 90 si nyingi. Lakini ni muda wa kutafuta chumba, kumalizia muhula wa shule ya watoto, kukusanya amana. Sheria iliachwa ikafa mwishoni mwa 2014, kisha ikarudishwa mwaka 2018, safari hii bila tarehe ya kufa.

Mjini Boston walikwenda hatua moja zaidi. Chama kiitwacho City Life/Vida Urbana, kilichokuwepo tangu miaka ya 1970, kilianza kuwaita kwenye mkutano mmoja wenye nyumba waliopoteza na wapangaji wa majengo yaliyochukuliwa. Wanasheria walikuja kusoma barua za benki pamoja nao. Neno lao la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa jepesi: usihame kwa kuogopa barua. Barua ya benki si amri ya mahakama. Wengi, wenye nyumba kwa wapangaji, hupoteza makao mapema kuliko sheria inavyotaka, kwa aibu tu, kwa kufungasha usiku ili jirani wasione. Kilichofanyika kwenye mikutano ile ni kuiondoa aibu chumbani na kuileta mezani, ikaonekana ilivyo: karatasi yenye tarehe, na tarehe inaweza kusogezwa.

Ndiyo somo ninaloliona tangu Harlem mpaka Boston. Msaada uliofaa haukuwa fedha peke yake. Ulikuwa muda, na watu wa kusimama nawe katika muda huo. Na kila uliposahau waliomo vyumba vya nyuma, uliokoa nusu ya nyumba.

Huku kwetu hatuko mbali. Wino wa minada umejaa magazetini. Fungua kurasa za matangazo ya Nairobi Jumatatu yoyote. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji atoe kwanza notisi ya angalau miezi mitatu kwa aliyeshindwa kulipa, kisha nyingine ya angalau siku 40 kabla ya kuuza. Na katika kifungu cha 96 kuna orodha ya watu wanaopaswa kupewa nakala ya notisi hiyo ya pili. Yumo mume au mke wa mkopaji. Na yumo mpangaji, hata mpangaji wa mpangaji.

Ni mstari mfupi, na wapangaji wengi niliozungumza nao hawajui kama upo. Wanadhani mambo ya rehani ni siri kati ya mwenye nyumba na benki. Si siri. Sheria inataka notisi hiyo ibandikwe pia mahali pa wazi penye mali yenyewe. Siku utakapoiona imebandikwa, usipite kwa adabu ukijifanya hukuiona kwa kumhurumia baba mwenye nyumba. Simama uisome. Angalia tarehe, tafuta mkataba wako na risiti zako, kisha mgongee yeye naye, mkae kitako. Huenda siku 40 zikawatosha wote wawili. Zikimtosha mmoja peke yake, mwingine atalala nje.